Shangazi wa Kwenye Boksi

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Na nyinyi watoto wa darasa la Jumamosi mliokaa kule nyuma, shikamoo zenu nilizipokea mlangoni, marahaba tena.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa dakika 40 juu ya maisha ya mtu mweusi Marekani. Mimi ni msusi. Nimesuka nywele upande wa kusini wa Chicago kwa miaka 21, na ninayoyajua nimeyajua nikiwa nimesimama nyuma ya kiti, mteja akizungumza na kioo. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo moja: biashara ya nchi hii na mwili wa mtu mweusi. Namna mwili huo ulivyotamaniwa, ulivyoogopwa, na namna tamaa ile na hofu ile zilivyofika kwenye kaunta ya duka, zikakaa pale mpaka leo. Yapo maneno hapa ambayo wengi wetu hatuyasemi mbele ya watoto. Nimelifikiria hilo sana. Watoto hawa wanayasikia shuleni na kwenye simu, sisi hatupo. Bora wayasikie leo tumekaa nao.

Nianze na siku niliyokosea.

Mwaka wangu wa kwanza saluni alikuja mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Mississippi, aliletwa Chicago akiwa mtoto. Kichwa chote mvi. Kwetu Tanga mtu wa umri ule humwiti kwa jina lake. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la shangazi nilikuwa nalo. Nikamvutia kiti nikamwambia, "Karibu, Shangazi, keti hapa."

Akaweka mkoba chini taratibu. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akasema, "mimi si shangazi yako. Na mwanamke mweusi wa umri wangu katika nchi hii usimwite hivyo mpaka yeye mwenyewe akuruhusu."

Nilidhani nimemwita mzee mtu asiyetaka uzee. Nilipofika nusu ya kichwa ndipo akanieleza. Kusini mwa Marekani, wakati wa utumwa na miaka mingi baada yake, Mzungu hakumwita mwanamke mweusi kwa heshima aliyompa mwanamke wa Kizungu. Akiwa kijana aliitwa kwa jina tupu, au "msichana". Akizeeka akaitwa "Aunt", shangazi. Mwanamume aliitwa "mvulana" hata awe na wajukuu, na mvi zikimjaa akawa "Uncle", mjomba. Neno la udugu lilitumika ili neno la heshima lisitamkwe. Mama yake yule mteja alifulia nyumba moja ya Wazungu miaka mingi. Watoto aliowaogesha walimwita shangazi mpaka wakaota ndevu, na siku alipofariki hakuna hata mmoja aliyejua jina la ukoo wake.

Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kwetu, ukimwita mtu shangazi umejifunga: akiumwa utakwenda, akikutuma utatumwa, akikugombeza utanyamaza. Kule aliyeita hakujifunga na lolote.

Jioni ile nilipita dukani. Kwenye shelfu ya unga kulikuwa na boksi nililokwisha kulinunua mara mbili tatu, unga wa chapati za maji uliochanganywa tayari, unaongeza maziwa tu na yai. Nililipenda kwa sababu ya picha. Mama mweusi, hereni za lulu, nywele zimetengenezwa, anatabasamu. Ukiwa mgeni, baridi inauma, hujui mtu, uso unaofanana na wa kwenu ukikutazama kutoka kwenye shelfu unakupa moyo. Siku ile nikasoma jina lake kwa mara ya kwanza kama linavyosomwa hapa: Aunt Jemima.

Mwaka 1889, katika mji wa St. Joseph, Missouri, wanaume wawili, Chris Rutt na Charles Underwood, walikuwa na kinu na unga uliowazidi. Wakatengeneza mchanganyiko wa chapati za maji, wakawa wanautafutia jina. Rutt akalipata kwenye onyesho la vichekesho, yale maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni, wakaigiza watumwa huku watu wakicheka. Aliyeigiza Jemima alikuwa mwanamume, amevaa aproni na kilemba. Watoto, liangalieni vizuri jambo hilo. Shangazi yule hakuanza kuwa mweusi wala hakuanza kuwa mwanamke.

Mwaka uliofuata kinu kiliuzwa kwa R. T. Davis, naye akataka mtu hai. Akampata Nancy Green, aliyezaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1834, ambaye sasa alikuwa akipika na kulea watoto katika nyumba ya watu hapa Chicago. Mwaka 1893 mji huu ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, kusherehekea miaka 400 tangu Columbus afike bara hili. Nancy Green akasimamishwa kando ya pipa kubwa kupita kiasi la unga, anakaanga chapati, anagawa, na anasimulia jinsi maisha ya shambani kwa bwana yalivyokuwa ya raha. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu alilipwa asimulie utamu wa kuwa mali. Na watu walipanga foleni.

Katika maonyesho yale yale alikuwapo mwanamke mwingine, Ida B. Wells, na huyu nataka wasichana waliopo hapa walishike jina lake. Alikuwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Yeye hakukaanga kitu. Alikaa kwenye jengo la Haiti, ambalo Frederick Douglass, mzee aliyepigania utumwa ukomeshwe, alikuwa msimamizi wake, anagawa kijitabu kinachoeleza kwa nini watu weusi wa Marekani wamefungiwa nje ya maonyesho ya nchi yao wenyewe.

Wells alifika Chicago kwa sababu ya duka. Mwaka 1892 alikuwa mwandishi wa gazeti Memphis, Tennessee. Rafiki yake Thomas Moss, mpeleka barua, pamoja na wenzake walikuwa wamefungua duka la vyakula, likawavuta wateja waliokuwa wakinunua kwa Mzungu mwenye duka jirani. Ukazuka ugomvi, Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, wakatiwa ndani, na usiku mmoja wa Machi kundi la watu likawatoa jela likawaua kwa risasi. Mpaka hapo Wells mwenyewe alikuwa ameanza kuamini yaliyosemwa kila siku, kwamba watu weusi wanauawa na makundi kwa sababu wamewabaka wanawake wa Kizungu. Lakini Wells alimfahamu Tom Moss. Kosa la Tom Moss lilikuwa kuuza vyakula. Akaanza kuchunguza kifo kimoja kimoja, akakuta kwamba mara nyingi hata tuhuma ya kubaka haikuwapo, na mara nyingine palikuwa na watu wawili wazima waliopendana kwa hiari yao, mmoja mweusi mmoja Mzungu, na siri imefichuka. Alipolichapisha hilo, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa, naye aliyekuwa safarini akaonywa kwamba akirudi atauawa.

Ndugu zangu, ukitaka kuelewa nchi hii shika hapo. Mtu anauawa kwa ajili ya biashara, huku nchi nzima ikitangaziwa kwamba watu kama yeye wanauawa kwa ajili ya heshima ya wanawake.

Sasa mtazameni yule mama wa kwenye boksi kwa makini, kama alivyochorwa zamani kabla ya mwaka 1989, walipomvua kitambaa cha kichwa wakamtia hereni. Mnene, si kijana, kilemba, uso mweusi sana, anacheka. Hana mume wala mtoto wake mwenyewe. Mwili mkubwa namna ile, na hakuna anayetakiwa kuutamani. Kwa nini walimchora hivyo?

Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria: mtoto atafuata hali ya mama yake. Kwa desturi ya Waingereza mtoto alifuata baba. Wakaigeuza, kwa sababu watoto walikuwa wanazaliwa na wanawake watumwa na baba zao ni Waingereza, na watu wanauliza watoto hawa ni huru au la. Sheria ikajibu. Tangu siku ile bwana akimwingilia mtumwa wake kwa nguvu, hakuvunja sheria, na mtoto akizaliwa ameongeza mali yake. Mwaka 1808 nchi ilipopiga marufuku kuleta watumwa kutoka nje, tumbo la mwanamke mweusi likawa kinu pekee kilichobaki. Umri wake wa kuzaa ulipigiwa hesabu kwenye bei. New Orleans wasichana weupe-weupe, waliozaliwa kwa dhuluma hiyo hiyo, waliuzwa kwa bei ya juu, na kila aliyesimama sokoni alijua wananunuliwa kwa kazi gani.

Nyumba iliyojaa mambo hayo ilihitaji hadithi za kuiwezesha kulala usingizi, na hadithi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya mama wa jikoni asiye na tamaa wala wa kumtamani, ili mke wa bwana asiulize maswali. Ya pili ni ya mwanamke mweusi mwenye joto asiyetosheka, anayemvuta mwanamume mwenyewe, ili bwana asiwe na kosa. Mwanamke ni huyo huyo mmoja. Asubuhi alikuwa hadithi ya kwanza, usiku ya pili. Utumwa ulipokwisha, hadithi hazikutupwa. Moja ilichapwa kwenye boksi la unga. Ya pili mtaiona mkiwasha televisheni.

Hapa najua mzee mmoja moyoni anasema, na sisi pwani je? Ndiyo, mzee wangu, na sisi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na pale Mkunazini lilipokuwa limesimama kanisa. Tulikuwa na masuria. Sheria ya kwetu ilisema mtoto wa suria, baba akimkubali, ni huru na anarithi. Masultani wa Zanzibar waliozaliwa na masuria si mmoja wala wawili. Ni tofauti kubwa na Virginia. Lakini yule suria hakuna aliyemuuliza kama anataka. Na lile jora la kitambaa babu zetu waliloliita merikani, lililokwenda bara likarudi pembe za ndovu, lilifumwa kwenye vinu vya kaskazini mwa nchi hii kwa pamba ya kusini iliyochumwa na watumwa. Jina la nchi hii liliingia katika lugha yetu kama bidhaa. Nalisema hili ili asiwepo mtu hapa atakayedhani hadithi hii ni ya wengine.

Turudi Chicago. Mwaka 1955, mwezi Agosti, mvulana wa mji huu mwenye miaka 14, Emmett Till, alikwenda kuwatembelea ndugu Mississippi. Akaingia duka dogo katika kijiji kinachoitwa Money, kununua bazoka. Mwenye kuuza alikuwa mke kijana wa Kizungu. Huko Kusini palikuwa na adabu ya kaunta ambayo mtoto wa Chicago hakulelewa nayo: mteja mweusi aliweka fedha juu ya kaunta na chenji yake ikawekwa juu ya kaunta, ili mikono isigusane. Sisi tunaofundishwa kupokea kwa mkono wa kulia na kuinama kidogo, tunaoona kumtupia mtu fedha mezani ni kumtusi, hebu fikirini watu waliofanya tusi hilo kuwa ndiyo adabu yenyewe. Ikadaiwa kwamba mtoto yule alimpigia mluzi mwanamke. Siku chache baadaye mume wa mwanamke yule na ndugu wa mume huyo walikuja usiku wakamtoa kitandani, wakamtesa, wakamuua, wakamtupa mtoni. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, liliwaachia baada ya kukaa saa moja na dakika chache. Miezi michache mbele, wakijua hawawezi kushtakiwa tena, wakalieleza jarida moja jinsi walivyomuua, nao wakalipwa kwa kusimulia.

Mama yake, Mamie, aliagiza jeneza liachwe wazi. Kanisa alikoagwa liko hapa hapa, State Street, maelfu na maelfu walipita wakatazama. Akairuhusu picha ya uso ule itoke katika jarida la Jet, jarida la watu weusi lililochapwa Chicago na kuuzwa kwenye saluni na vinyozi nchi nzima. Nimekutana na wateja, sasa ni bibi, waliolifunua jarida lile wakiwa watoto wanasubiri kusukwa. Mmoja aliniambia mama yake alilichukua haraka akalikalia, na yeye akakaa anatazama mama yake alivyolikalia.

Tazameni basi: duka la Memphis, duka la Mississippi. Mara zote mbili mtu mweusi kwenye kaunta. Memphis kosa lilikuwa biashara yenyewe, na Mississippi neno lililotumika kuhalalisha mauaji ni mwanamke wa Kizungu. Hata mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Mahakama Kuu kuondoa sheria zilizokataza mweusi na Mzungu kuoana, mwimbaji Mzungu wa Uingereza, Petula Clark, aliimba kwenye televisheni na Harry Belafonte, mwimbaji mweusi, akamshika mkono. Kipindi kilidhaminiwa na watu wa magari, na msimamizi wao wa matangazo akataka kipande kile kirudiwe bila kushikana. Petula Clark alikataa, na vipande vingine vikaharibiwa ili kibaki hicho tu. Nampenda kwa hilo. Na mwaka 2013, si zamani, tangazo la nafaka za kifunguakinywa za Cheerios lilimwonyesha baba mweusi, mama Mzungu na binti yao mdogo. Matusi yakamiminika mpaka kampuni ikafunga mahali pa kutolea maoni. Tangazo la chakula cha asubuhi, jamani.

Kuna jambo dogo ambalo wateja wangu wazee hawalisahau, nalo linaniuma kuliko mengi makubwa. Katika maduka mengi ya Kusini mwanamke mweusi hakuruhusiwa kujaribu kofia, nguo wala kiatu. Kichwa chake kikishagusa kofia, hakuna Mzungu atakayeinunua. Kwa hiyo mama alimsimamisha mtoto juu ya karatasi, akachora unyayo kwa penseli, akaikata, akaenda nayo dukani kama kipimo. Mtoto anabaki na mguu wake nyumbani. Ndiyo maana katalogi ya Sears, iliyotoka hapa Chicago, ilipendwa sana na watu weusi wa mashamba: unaandika barua, unatuma fedha, mzigo unakuja, na hakuna karani aliyekuona.

Sasa nifike kwenye kazi yangu mwenyewe, na hapa nina deni la kusema.

Chicago ndiyo iliyokuwa makao ya biashara ya nywele za watu weusi. George Johnson na mkewe walianza kampuni yao mwaka 1954, na mwaka 1971 ikawa ya kwanza ya watu weusi kuuza hisa kwenye soko la American Stock Exchange. Waliuza dawa ya kunyoosha, na baadaye, vijana walipoanza kuziachia nywele zisimame, wakauza Afro Sheen. Matangazo ya Afro Sheen yalikuwa na maneno ya lugha yetu. Yaliandikwa "wantu wazuri". Wantu, wala si watu. Nilipoyaona mara ya kwanza nilikaa chini. Wengi wa mababu zao waliletwa kutoka Afrika Magharibi na pande za Angola, hawakuwa Waswahili. Lakini hawakujua kabila zao, zilifutwa, na Kiswahili kilikuwa lugha ya Waafrika waliojitawala. Wakachukua neno letu wajiambie kitu ambacho hakuna tangazo lililowahi kuwaambia. Lilikuwa tangazo la kuuza mafuta, ndiyo. Lakini nitawatetea watu wale mbele ya yeyote.

Dawa ya kunyoosha nayo haikuondoka. Mnaijua. Unapaka mafuta ya mgando kuzunguka kipaji na nyuma ya masikio, unapaka dawa, mtoto anasema inawasha, unamwambia vumilia kidogo. Nimewawekea dawa watoto wa miaka 6. Ni kwa ajili ya picha ya shule, kwa ajili ya ubatizo, kwa ajili ya harusi. Nimeona vidonda vya kichwani vimeshikana na nywele, nikavisafisha, nikapokea fedha. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi. Kesi za wanawake waliozishtaki kampuni zimekusanywa katika mahakama ya shirikisho hapa Chicago. Mimi niliacha kuweka dawa wiki ile. Baadhi ya akina mama mliomo humu niliwaweka dawa nyinyi na mabinti zenu, na ninaomba radhi mbele ya wote.

Kwa nini tulivumilia? Kwa sababu bila hiyo hupati kazi, hupati mume, mwalimu anakuita mchafu. Rangi ya mwili ni hivyo hivyo. Ebony, jarida lililotupa heshima kuliko yote, lilikuwa na kurasa za matangazo ya krimu za kung'arisha. Na nyinyi mnaonitumia ujumbe kuuliza kama napata "ile krimu" ya kuwapelekea dada zenu Dar na Bujumbura, mjue mkorogo una historia ndefu kuliko sisi. Jibu langu ni lile lile, sina na siuzi. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2019 sheria ya kwanza inayokataza kumbagua mtu kazini au shuleni kwa nywele zake za asili, na majimbo mengine yamefuata, la kwetu likiwamo. Fikirini tu kwamba ilihitajika sheria.

Na ipo kufuli. Katika duka moja karibu na kwangu, sabuni za nywele za kila mtu zilikuwa wazi, na mafuta ya nywele zetu yalikuwa ndani ya kabati la kioo. Unabonyeza kengele. Unasubiri. Kijana anakuja na funguo, anachukua chupa ya dola 5, hakupi mkononi, anaipeleka mwenyewe kwa keshia. Mwaka 2020 kampuni ya maduka makubwa ya Walmart ilitangaza kuacha kuzifungia bidhaa hizo, na kampuni nyingine zikatangaza hivyo pia. Miezi ile mengi yalibadilika kwa sababu ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi: mchele wa Uncle Ben's ulipewa jina jingine, na shangazi wa kwenye boksi akaondolewa. Tangu 2021 unga ule unaitwa Pearl Milling Company, jina la kile kinu cha St. Joseph. Baadhi ya jamaa wa wanawake waliofuata baada ya Nancy Green, waliozunguka nchi wakikaanga chapati kwa jina la Jemima, walilia kwamba bibi zao wanafutwa. Siwalaumu. Ilikuwa kazi yao, walisomesha watoto kwayo. Naona ilikuwa haki picha iondoke, na naona pia kwamba picha kuondoka ndicho kilichokuwa rahisi.

Maana biashara imehamia kwenye simu. Miezi michache iliyopita binti mmoja, mtoto wa watu wetu, amekaa kitini nikimsuka, ameingia kwenye mtandao wa kutafuta wachumba. Akainyamazia simu muda mrefu, kisha akainyanyua juu ya bega ili nisome. Kijana asiyemjua, ambaye hakusema hata habari yako, ameandika kwamba hajawahi kuonja msichana mweusi.

Kuonja. Akaniuliza, "Mama mkubwa, hapa ninajibu nini?" Mikono yangu ilisimama kwenye rasta. Nilimfikiria Nancy Green na chapati zake, nikaona kwamba kijana yule hajui lolote juu ya mwaka 1893 na hata hivyo anazungumza lugha ya pale. Mtandao mmoja mkubwa, OkCupid, ulichapisha hesabu zake wenyewe mwaka 2009 na tena 2014, na wanawake weusi walikuwa miongoni mwa wanaopokewa vibaya kuliko wote. Na Grindr, unaotumiwa na wanaume wanaopenda wanaume, uliruhusu watu kuchuja wenzao kwa kabila na rangi mpaka 2020. Wengine kati yenu hamtaki kusikia habari za watu hao. Lakini wamo watoto wa watu weusi humo pia, na wanachaguliwa na kutupwa kwa rangi kama mnavyochagua nyanya. Uchungu wao siwezi kuuruka ati kwa sababu hatuuzungumzii.

Yule binti hakujibu. Alifuta, akaniambia niendelee kusuka.

Nawageukia wazazi. Tuna neno tunalolisema nyumbani, "sisi si kama wao". Tunawaambia watoto, usivae kama wao, usiongee kama wao, wewe ni Mtanzania, wewe ni Mkongo. Nalijua, nimelisema. Mwanangu alipokuwa na miaka 13 mlinzi wa duka alimfuata kutoka shelfu hadi shelfu, na mwanangu akatoa mikono mifukoni akaitembeza wazi mbele yake, bila mtu kumfundisha. Mlinzi hakuuliza pasipoti. Binti zetu wakivaa sketi ile ile waliyovaa wenzao wa Kizungu, wao ndio wanaoitwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwa kuwa miili yao inasomwa kuwa ya wakubwa. Hadithi ile ya pili haiulizi umezaliwa Kigoma au Mississippi. Wanaojua jinsi ya kuishi nayo ni hao tunaowakimbia: wale akina mama wanaokuja kwangu na mvi, waliochorewa unyayo kwenye karatasi.

Yule mteja wangu wa mwaka wa kwanza bado anakuja. Baada ya miaka 9 aliniambia nimwite shangazi. Sasa akiumwa nakwenda, na akinituma natumwa.

Nimalizie kwa tangazo. Nancy Green alifariki hapa Chicago mwaka 1923, gari lilimgonga akiwa kando ya barabara. Alizikwa Oak Woods, bila jiwe, na akakaa miaka 97 bila jiwe huku boksi lake likiuzwa kila duka. Sherry Williams wa Bronzeville Historical Society alimtafuta miaka mingi, akawatafuta na ndugu zake wampe ruhusa, na Septemba 2020 jiwe likawekwa. Katika makaburi hayo hayo amelala Ida B. Wells. Walikuwa kwenye maonyesho mamoja, na wamelala nyuma ya ukuta mmoja. Jumamosi ijayo darasa la Kiswahili halitafanyika humu. Basi litaondoka saa nne asubuhi mbele ya jengo hili, tutakwenda kwa wote wawili. Watoto wavae viatu vya kutembelea kwenye majani, na kila mmoja aje amejifunza kuyatamka majina hayo mawili kamili, la kwanza na la ukoo.